Mume yu hai, unagawa mirathi ya nini?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 51, naishi London na mume wangu na watoto wetu wawili. Mume wangu ana tiketi ya msimu ya Arsenal tangu timu ikicheza Highbury, uwanja wake wa zamani. Mimi mpira si mambo yangu, naona kelele tu. Tangu mwaka jana magoti yanamsumbua, ngazi haziwezi. Nikajua kile kiti kitakwenda kwa mwanetu wa kiume, ana miaka 23, ndiye mrithi halali. Kumbe wifi yangu ameshamzunguka kaka yake. Juzi nilipoangalia simu ya mume wangu nikakuta tiketi imehamishiwa kwa mtoto wa wifi, tena msichana! Nikamuuliza, akanijibu, "Hilo liache kama lilivyo." Mwanetu amekikalia kile kiti msimu uliopita baba yake alipokuwa anaumwa, na akibanwa na kazi alikuwa anampa rafiki yake, kwa hiyo hakijawahi kulala bure. Wifi anajiona ana haki kwa sababu aliwahi kulipia mwaka mmoja mume wangu alipokuwa hana kazi. Shangazi, ile ni mali ya nyumba yangu. Nimebadilisha neno la siri la hiyo tiketi ili tuheshimiane. Je, nikiiandikia klabu, watabadilisha jina liwe la mwanangu?*

*Mama Mtu, London*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza, magoti ni maradhi ya kero, na baridi ya huko huenda inayachochea. Pole zenyewe ni hizo, nyingine sina.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Magoti ya mumeo yamepata sentensi moja. Wifi amepata nusu ya ukurasa. Hujaniambia mzee anatibiwa wapi, kama anatembelea fimbo, kama usiku analala. Mtu aliyekizoea kiti chake miaka yote hiyo ameshindwa kupanda ngazi kukifuata, na wewe swali lako la kwanza ni kiti kimwangukie nani. Mirathi hugawanywa maiti akishazikwa, bibi. Huyu yu hai, tena yumo humo ndani anakusikia unavyofunga milango ya kabati kwa nguvu.

"Nilipoangalia simu ya mume wangu." Simu haikujifungua yenyewe. Uliifungua, ukapekua, ukaona neno usilolielewa vizuri, ukawaka. Hebu nikueleze ulichokiona. Siku hizi tiketi za uwanja ule zimo ndani ya simu. Mwenye tiketi ya msimu asipoweza kwenda mechi fulani, anaruhusiwa kumtumia mwanachama mwenzake ile mechi tu. Jina la mwenzake linatokea, mechi inachezwa, yakiisha yameisha, na tiketi ya msimu inabaki kwa mwenyewe. Ndicho ulichokiona, naona karibu na hakika, kwa sababu kubadili jina moja kwa moja si jambo la kubonyeza simu usiku kitandani. Zipo klabu za Uingereza zinazokubali tiketi ihamie kwa mke, mzazi, mtoto au ndugu wa karibu, tena kwa maombi na vielelezo. Zipo zisizokubali kabisa. Na mpwa mara nyingi hayumo kwenye orodha ya hao jamaa wa karibu. Kwa hiyo wifi unayemwona mchawi wa kupora viti, hata akitaka, huenda hana pa kupitia.

Na hilo la "mali ya nyumba yangu" lifute. Tiketi ya msimu si kiwanja cha Chumbageni chenye hati. Ni ruhusa ambayo klabu inampa mtu mmoja, kwa jina lake, akae kiti fulani mechi 19 za ligi za nyumbani na nyingine kadhaa kadiri ya masharti. Klabu inaweza kuichukua akivunja masharti hayo. Wa kuomba mabadiliko ni yeye mwenyewe. Ukiandika wewe kwa jina lake, huo ni udanganyifu tu, hata ukiusindikiza na salamu nzuri.

Sasa tuje kwenye sentensi iliyonifanya nivue miwani. "Akibanwa na kazi alikuwa anampa rafiki yake."

Rafiki gani? Ana jina? Amewahi kula kwenu Idi? Ni yule yule kila mara, au kila mechi kubwa alikuwa na sura yake? Na hiyo kazi ilikuwa inambana siku za timu ndogo, au ilimbana zaidi Tottenham na Chelsea zilipokuja? Mimi sikuwepo, sitamtia mtoto wa mwenzangu hatiani kwa barua. Ila najua kijana wa miaka 23 mwenye tiketi ya baba yake mkononi, katika mji ambao watu hutoa fedha nyingi kuingia uwanja ule siku moja, atakuwa amesikia bei. Na najua neno "kumpa" linavyobeba mengi mdomoni mwa mama.

Uingereza kuuza tiketi ya mpira bila idhini si utundu, ni kosa la jinai. Sheria ni ya 1994, kifungu cha 166, na hata kuitangaza tu kwamba unauza ni kosa. Hapo bado klabu yenyewe haijasema neno lake. Wakigundua, anayefungiwa ni mwenye jina kwenye tiketi. Rafiki wa rafiki akiwasha moto jukwaani, akarusha chupa, akamtukana mchezaji kwa rangi yake, barua inakuja kwenu, kwa jina la mumeo, mzee mwenye magoti mabovu aliyekuwa amelala siku hiyo. Mchuma janga hula na wa kwao.

Ndiyo maana nikamsikia mumeo vizuri kuliko wewe unavyomsikia. "Hilo liache kama lilivyo." Mwanamume aliyezungukwa na dada yake hajibu hivyo. Angesema "Dada ameniomba," angesema "Nitafikiria," angekasirika. Anayejibu hivyo anamsitiri mtu, na ninavyoona mimi anamsitiri mwanao, mbele yako, ili usije ukaumia. Amelibeba jambo hilo peke yake, na malipo yake ni kubadilishiwa neno la siri kama mtoto aliyenyang'anywa simu. Hapo, mwanangu, nipo upande wake kwa miguu yote miwili.

Nipo upande wa wifi pia, uchukie usichukie. Umemtaja kwa nusu mdomo: "aliwahi kulipia mwaka mmoja." Aliwahi! Tiketi ile ni zaidi ya pauni elfu moja kwa msimu. Asiyeilipia kwa wakati kiti kinakwenda kwa aliye kwenye foleni, na foleni ya Arsenal watu huisubiri miaka na miaka. Maana yake mwaka ule kaka yake hana kazi, kiti kilikuwa kinaondoka, yeye akakizuia. Usione vyaelea, vimeundwa. Mwaka huo wewe ulisema nini? Barua yako imenyamaza, na mimi naujua ukimya wa namna hiyo. Nadhani ulisema, "Afadhali iende, tupumue." Haikuwa kosa, nyumba ilikuwa na njaa zake. Lakini aliyesema iende, leo asije akadai ni mali yake.

Halafu "tena msichana". Jamani, 2026 hii! Wasichana wa Arsenal hiyo hiyo walikwenda Lisbon Mei 2025 wakaifunga Barcelona 1-0, wakatwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya ya wanawake. Barcelona ambayo timu yake ya wanaume, 2006, iliwanyima wanaume wa Arsenal kombe la upande wao kwenye fainali kule Paris, mumeo akiwa hajapata mvi. Muulize alilalaje usiku ule. Hujawahi kumuuliza, najua, "kelele tu." Huyo mtoto wa wifi nadhani alimuuliza. Mjomba hamwachii kiti binti kwa sababu amezungukwa na mama yake. Anamwachia kwa sababu msichana anajua Thierry Henry alifunga mabao matatu siku ya mwisho ya Highbury, dhidi ya Wigan, na akayajua bila kutazama simu. Kwetu pwani mjomba na mpwa wana yao, na mke mwenye akili haingii katikati.

Mumeo alikuwepo wakihama Highbury, Mei 2006, kwenda uwanja mpya wa watu zaidi ya 60,000. Ubingwa wa 2004 wa kutofungwa hata mechi moja aliuona, kisha akangoja. Timu ikamaliza ya pili 2023, ya pili 2024, ya pili 2025. Mtu anayerudi kila Agosti baada ya hapo si mpuuzi, ni mvumilivu, na uvumilivu huo huo, nahisi, ndio uliokufikisha wewe naye hapa mlipo.

Ndoa za siku hizi zinanichosha roho, niseme tu. Mume na mke wanajua bei ya umeme, wanajua zamu za kazi, wanajua nani atamchukua mtoto. Kinachomfurahisha mwenzako hukijui, na ukikijua unakichukia, kwa sababu kinakula Jumamosi. Si London peke yake. Hapa Dar nawasikia kina mama siku ya Simba na Yanga: "Amekwenda kwa Mkapa, sijui anatafuta nini." Anatafuta saa mbili za kutoulizwa ada! Na akina mama nao wana vikoba vyao na mabaraza ya Ijumaa, mume akigusa pale, moto. Zamani bibi zetu hawakupenda ngoma za waume zao wala bao walilocheza hadi magharibi, lakini kahawa walipeleka, wakatania kidogo, wakajua nani kashinda. Leo tunataka mume asiye na kitu chochote nje ya kochi, tukishampata tunalalamika amekuwa mzito. Na nyinyi wanaume msicheke. Mnaficha matatizo ya watoto mkidhani ni ulinzi, mke anabaki anapigana na kivuli kwa sababu hakuna aliyemwambia adui yuko wapi. Mumeo, mwanangu, hapo naye kachemsha. Angekwambia mapema, barua hii isingeandikwa.

Nimekwenda mbali, nirudi kwako.

Neno la siri lirudishe leo kabla ya kulala. Sifanyi utani. Klabu kubwa siku hizi zinahesabu mechi ambazo mwenye tiketi amekwenda, ameituma kwa mwenzake au ameirudisha kwa klabu iuzwe kihalali. Kiti kikikaa kitupu mara nyingi, msimu ujao huenda tiketi asiipate tena. Wewe hapo umefunga mlango ukidhani unamkomoa wifi, kumbe unaiua tiketi yenyewe, mwanao asipate, mpwa asipate, na mzee ndiye atakayepokea barua ya kunyang'anywa. Ukirudisha, usimpe hotuba. Mwambie, "Nimekosea, hili hapa," mpe simu, ondoka ukatie chai.

Kiti chake cha sasa kina ngazi, sawa. Je, kuna aliyeiuliza klabu kama anaweza kuhamishiwa kiti kisicho na ngazi? Viwanja vya Ligi Kuu vina sehemu za watu wasioweza kupanda, vina lifti, na wanaohitaji msaidizi huangaliwa namna ya kukaa naye. Aandike yeye, aambatanishe cheti cha daktari. Kama hujui kuandika barua ya namna hiyo, huyo mpwa "msichana" nina hakika anajua. Huenda mzee mwenyewe akarudi uwanjani, na kelele zote hizi za nani arithi zikakosa kazi. Na akihitaji wa kumshika mkono kutoka kituoni hadi getini, miguu yako si ina nguvu?

Wifi mpigie simu. Usimtumie ujumbe, ujumbe wako nauona utakavyokuwa. Mshukuru kwa mwaka ule aliolipia, hata kama ulishamshukuru zamani, na ukiona koo linakukaba, jua hujawahi.

Mwanao aitwe sebuleni, baba yake akiwepo, simu zote mezani. Usianze na sheria wala 1994. Muulize swali moja tu: yule rafiki yako anaitwa nani? Akitaja jina na akaweza kumpigia pale pale, mimi nimemsingizia, na utaniandikia unitukane, nitachapisha. Akianza kuuliza "rafiki yupi?", mwache baba yake azungumze, na wewe safari hii nyamaza.