Re: Njia ya Karhunkierros, Ufini – Mei au Septemba?

Ndugu, umeuliza kama Mei unafaa kutembea Karhunkierros na kama vinamasi vinapitika. Kwa maoni yangu, Mei uache. Theluji ndiyo kwanza inayeyuka, mito imefura, na njia ni tope tupu. Nenda mwanzoni mwa Septemba, mbu wamepungua na majani yamegeuka manjano na mekundu mpaka chini kabisa kwenye vichaka. Julai pia kuna raha yake, ila mbu! Hawana malaria, lakini chandarua cha kichwani usikiache.

Njia yenyewe ni kilomita 82, kutoka kijiji cha Hautajärvi hadi kituo cha utalii cha Ruka, nyingi zikiwa ndani ya hifadhi ya Oulanka. Kama siku ni chache, kuna mzunguko mdogo wa kilomita 12.

Vinamasi visikutishe. Wamelaza mbao mbili mbili juu yake, unapita kama darajani. Mvua ikinyesha zinateleza vibaya, kwa hiyo piga hatua fupi. Mimi nilichuchumaa nikabonyeza kuvumwani, ile mimea laini kama sifongo, pembeni: mkono ulizama hadi kifundo, maji ya rangi ya chai ya rangi yakajaa, baridi ya kuuma. Chini yake ni mboji iliyojilimbikiza maelfu ya miaka, maana pasipo hewa mimea haiozi ikaisha. Tafadhali usikanyage nje ya mbao, panachukua miaka kupona.

Vibanda vya kulala njiani ni bure. Kuni zipo, pasua za mwenzako atakayekuja baada yako kabla hujaondoka.