Kuhamishia draiva ya saa ya maunzi kwenye mti wa vifaa: ushauri kutoka Lamu

Huku Lamu, saa iliyomo ndani ya kifaa cha kupimia maji ni sehemu ya kipimo chenyewe. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku wakati wake husogea mbele kwa takriban dakika 50, hivyo kina cha maji kilichorekodiwa bila saa ya kuaminika hakimsaidii nahodha anayetaka kupita mlango wa Mkanda kuelekea Pate wakati maji yamejaa. Kifaa ninachokihudumia kimefungwa gatini, kinatumia umeme wa jua, na mtandao wake hauna uhakika. Saa yake ni chipu ndogo yenye betri yake, inayohesabu mitetemo ya fuwele ya hezi 32,768. Draiva ya chipu hiyo, yaani programu inayoiendesha, ilikuja pamoja na bodi, ikiwa imeandikwa kwa mtindo wa zamani ambao kerneli mpya (kiini cha mfumo) ya Linux haikuweza kuutumia, nami nikapewa kazi ya kuirekebisha ili isome mti wa vifaa (device tree), yaani faili linaloieleza kerneli maunzi yaliyomo kwenye bodi.

Chipu iliyounganishwa kwa njia ya I2C, nyaya mbili za mawasiliano kati ya chipu, haiwezi kujitambulisha kama kifaa cha USB kinavyofanya. Lazima kerneli iambiwe kwamba ipo na iko wapi. Zamani habari hizo ziliandikwa kwa lugha ya C, faili moja kwa kila bodi, na mafaili hayo yakawa mengi kiasi kwamba mwaka 2011 Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alilalamika waziwazi juu ya hali ya msimbo wa Linux kwa prosesa za ARM. Suluhisho lililoshika ni mti wa vifaa, wazo lililotokana na Open Firmware, kiwango cha IEEE 1275 cha mwaka 1994.

Ushauri ninaousisitiza kuliko mwingine wote ni huu: usianze kwa kufungua msimbo wa draiva. Weka bodi mezani, tandika mchoro wake wa sakiti kando, kisha andika kilichopo: chipu iko kwenye njia ipi ya I2C, anwani yake ni ipi, mguu wake wa kengele umeunganishwa na pini gani, na betri yake ni ya aina gani. Mti wa vifaa hueleza maunzi yalivyo. Hauelezi draiva yako inavyotaka kuhudumiwa. Ukiwa na shaka juu ya sifa fulani, jiulize kama ingebaki kuwa kweli endapo mti huohuo ungesomwa na U-Boot (programu ya kuwashia bodi) au FreeBSD (mfumo mwingine wa uendeshaji), kwa sababu programu hizo nazo huusoma.

Mfano wa betri unaonyesha vizuri tofauti hiyo. Draiva ya zamani ilipokea kutoka faili la bodi namba moja tu, ikaiandika moja kwa moja kwenye rejista ya kuchaji, yaani nafasi ndani ya chipu inayoongoza kuchaji. Njia rahisi ingekuwa kubuni sifa mpya ya kubeba namba ileile, lakini thamani ya rejista ni shughuli ya draiva. Ukweli wa bodi ni mambo mawili: betri inakubali kuchajiwa au haikubali, na kama inakubali, ichajiwe kupitia ukinzani wa omu ngapi. Kerneli tayari ina sifa za kueleza hayo, yaani aux-voltage-chargeable na trickle-resistor-ohms, na hakuna sababu ya kubuni nyingine. Kwa chipu inayojulikana kama DS1339 iliyofungiwa betri ya CR2032, nodi yake, yaani fungu linaloieleza ndani ya mti, ingekuwa hivi:

rtc@68 {
    compatible = "dallas,ds1339";
    reg = <0x68>;
    aux-voltage-chargeable = <0>;
};

CR2032 si betri ya kuchajiwa, ndiyo maana thamani hapo ni 0. Ikilazimishwa, inaweza kuvimba, kuvuja au hata kupasuka, na ndani ya sanduku lililozibwa na kuachwa juani hatari hiyo si ya kupuuzwa. Kwa hiyo nashikilia kwamba mti usiposema lolote juu ya kuchaji, draiva isiwashe sakiti ya kuchaji kamwe.

Upande wa draiva kazi ni fupi zaidi. Tengeneza jedwali la of_device_id lenye majina yaleyale yaliyo kwenye compatible ya nodi, herufi kwa herufi, na ulitangaze kwa MODULE_DEVICE_TABLE. Usipofanya hivyo, moduli ya draiva itafanya kazi ukiipakia kwa mkono lakini haitapakiwa yenyewe mashine inapowaka. Draiva ikikaa kimya bila hata ujumbe wa kosa, tazama kwanza ndani ya /proc/device-tree kama nodi yako imo, maana mara nyingi bodi huwa imewashwa kwa faili la zamani la mti.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulikuta mwishoni, baada ya kuamini kwamba kazi imekwisha. Prosesa nyingi zina saa yao ya ndani, na kwenye bodi nyingi saa hiyo haina betri. Ikisajiliwa kwanza inakuwa rtc0, yaani saa namba sifuri, na kwa kawaida kerneli huchukua wakati wake kutoka rtc0, hivyo kifaa kinaweza kuamka kikidhani ni Januari 1970 ilhali chipu nzuri ya pembeni inajua saa kamili. Dawa yake ni kuandika kwenye nodi ya aliases, inayogawa majina, kwamba rtc0 ni chipu ile ya nje. Vilevile draiva isome alama ya chipu inayoonyesha kwamba fuwele ilisimama, na ikiiona irudishe kosa badala ya kutoa wakati wa uongo. Kipimo kisicho na saa hutambulika na kuwekwa kando, ila chenye saa ya uongo huchanganyika na vingine na kuviharibu vyote.

Kabla ya kupeleka kazi yako kwa watunzaji wa kerneli, andika maelezo ya nodi kwa muundo wa maandishi uitwao YAML na uyapime kwa dt_binding_check, kisha upime mti wenyewe kwa dtbs_check. Maelezo hayo yawe kiraka (badiliko linalotumwa) cha peke yake, kitangulie kile cha draiva, kwa kuwa watu wanaoyakagua si lazima wawe walewale wanaoitunza draiva.