Jibu: Kwa nini Grete anamgeuka kaka yake?

Ndugu, umeuliza kwa nini Grete, aliyempenda sana kaka yake, ndo anakuwa wa kwanza kusema waachane naye, kwenye ile hadithi ya mwandishi Franz Kafka ya 1915, Metamorphosis, ambayo huyo kaka, Gregor, anaamka amekuwa mdudu. Mi naona hakubadilika ghafla, angalia chakula. Mwanzoni anamwekea maziwa, akikuta hayajaguswa anarudi na vitu vya kila aina, mboga zilizoanza kuoza, jibini, mkate, ili tu ajue kaka anapenda nini siku hizi, hapo moyo uliniuma kweli. Baadaye ameshaajiriwa, anasukuma chochote ndani kwa mguu akiwahi kazini. Upendo unaisha hivo hivo taratibu, kwa uchovu.

Halafu Gregor ndo alikuwa analisha nyumba nzima na kulipa deni la wazazi, na kabla hata hajawa mdudu walishazoea, akileta hela wanapokea shukrani wanatoa ila ule ukaribu ulishapoa, kabaki dada tu wa karibu naye, tena Gregor alipanga kumpeleka akasomee fidla. Upweke wake ulianza zamani sana.

Rudia pale mwishoni Grete anapokataa hata kulitaja jina la kaka yake mbele ya lile zimwi, yaani Gregor mwenyewe.