Ratiba badala ya mazungumzo: je, hii ni tiba?

SWALI: Daktari, niligundulika kuwa na sonona, nami nimekwisha kuhudhuria vikao vitatu kwa mtaalamu wa saikolojia. Nilitarajia tuzungumzie utoto wangu, lakini ananipa karatasi ya kuandika niliyoyafanya saa kwa saa, kisha tunapanga shughuli ndogo ndogo za wiki inayofuata. Hamu ya kufanya lolote sina. Je, napotezewa muda?

JIBU: Ndugu msomaji, hupotezewi muda. Hiyo ni tiba ya kurejesha shughuli, iliyokuwa sehemu ya tiba ya fikra na tabia aliyoiasisi daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck nchini Marekani katika miaka ya 1960. Mwaka 1996, mwanasaikolojia Neil Jacobson na wenzake waliitenganisha tiba hiyo ya Beck katika sehemu zake, wakakuta kwamba wagonjwa waliopewa sehemu ya shughuli peke yake walipata nafuu sawa na waliopewa tiba nzima. Mwaka 2016, utafiti wa Uingereza uliohusisha watu wazima 440 ulionyesha vivyo hivyo, ingawa waliotoa tiba ya shughuli walikuwa na mafunzo machache zaidi.

Sonona humfanya mtu ajitenge. Akijitenga, huyakosa yale yaliyokuwa yakimpa furaha au kumthibitishia kwamba anaweza, na kwa kuyakosa huzuni humzidi, akazidi kujifungia. Ukingoja hamu irudi kwanza utangoja sana, kwa kuwa katika ugonjwa huu hamu huja nyuma ya tendo. Ndiyo maana mtaalamu huanza na jambo dogo, hata kutembea dakika 10, na pengine hukuomba uliwekee kila tendo alama za furaha na za mafanikio, ili nyote wawili mwone ni saa zipi zinazokuvuta chini. Usipotimiza ulichopanga, kiandike vilevile. Huenda kilikuwa kikubwa mno, nacho kitagawanywa. (Kujaza siku kwa shughuli zisizo na maana kwako, hata hivyo, si tiba.)

Vikao vitatu ni vichache mno kuhukumu. Kama unatumia dawa, usiziache bila kumwona daktari aliyekuandikia, na ukijiwa na mawazo ya kujiua, nenda hospitali siku hiyohiyo bila kungoja kikao. Shaka uliyoniandikia mimi, mpelekee pia mtaalamu wako, umwombe akueleze kwa nini alichagua shughuli zile hasa.