Fangasi kwenye sinasi ya mbwa: lazima kutoboa paji?
Kwa aliyeuliza kama mbwa wake mwenye fangasi ya pua lazima atobolewe mfupa wa paji: si lazima, ila ukungu wa fangasi ukijaa kwenye sinasi (uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa paji) na kamera ya puani haifiki, ndiyo njia yenyewe. CT skani (picha za eksirei za kichwa, tabaka kwa tabaka) ifanywe kwanza. Ule mfupa mwembamba kati ya pua na ubongo ukiwa umelika, dawa ya fangasi inayowekwa humo inaweza kupenya hadi kwenye ubongo. Tundu likishatobolewa, ukungu wote ukwanguliwe (ukibaki, ugonjwa hurudi), kisha klotrimazoli (ndiyo hiyo dawa ya fangasi) ya asilimia 1 ikae humo saa 1, mbwa akigeuzwa kila dakika 15. Koo lizibwe kwa shashi ili dawa isishuke, nayo itolewe kabla mbwa hajaamka kwenye usingizi wa dawa. Paji likivimba hewa chini ya ngozi, kwa kawaida hunywea lenyewe.