Kudhibiti si kuzuia

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia, Morogoro. Sera ya Marekani juu ya ukomunisti baada ya Vita Kuu ya Pili, wengine huiita "sera ya kudhibiti ukomunisti", wengine "sera ya kuzuia ukomunisti". Wanafunzi wananibana. Ipi sahihi?

JIBU: Mwalimu, umenitonesha kidonda. Hiki kitenzi "kudhibiti" siku hizi kinatiwa kila chungu. Bei zinadhibitiwa, panya wanadhibitiwa, foleni inadhibitiwa. Majuzi nimesikia redioni kwamba moto "umedhibitiwa" baada ya kuteketeza ghala zima pamoja na paa lake. Umedhibitiwa na nani? Moto ule ulikosa cha kula ukazimika. Neno zuri tumelichakaza mpaka halishiki kitu.

Na kushika ndiyo kazi yake. Asili yake ni Kiarabu, na "madhubuti" ni ndugu yake wa damu. Ukidhibiti kitu, kiko mkononi mwako na kinakwenda utakavyo. Ng'ombe aliyefungwa kamba, ncha ya kamba ikiwa kiganjani mwako, huyo umemdhibiti. Sasa mtazame mbuzi wa jirani. Umezungushia mahindi yako ua wa miba, mbuzi kashindwa kupita. Umemzuia, lakini hujamdhibiti hata kidogo: yuko kwa jirani, anakula majani ya jirani, anazaa kwa jirani, na huna amri juu yake. Wewe unalinda ua tu, usiku na mchana, mwaka hadi mwaka.

Sera unayoisomesha ni ya ua. George Kennan, mwanadiplomasia wa Marekani aliyekuwa Moscow, aliandika mwaka 1947, akijificha nyuma ya herufi X, kwamba Wasovieti wakabiliwe kwa subira na uthabiti wa muda mrefu wasijitanue. Hakusema Marekani iishike Moscow. Machi mwaka huohuo Rais Truman aliliomba Bunge dola milioni 400 kwa ajili ya Ugiriki na Uturuki, nchi mbili ambazo ukomunisti ulikuwa haujashika serikali. Fedha zilikwenda kwenye ua.

Anayedhani haya ni mabishano ya maneno matupu aitazame Korea. Juni 1950 majeshi ya Korea Kaskazini, ya kikomunisti, yalivuka latitudo 38, mpaka wake na Kusini, na Marekani ikaingia vitani chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa kuyarudisha. Hapo ni kuzuia. Septemba Jenerali MacArthur, kamanda wa majeshi ya Umoja wa Mataifa, akatua Inchon, bandari ya Korea Kusini, adui akakimbia, na Oktoba majeshi ya MacArthur nayo yakaivuka latitudo ileile kwenda kaskazini. Hapo lengo halikuwa tena kuzuia, lilikuwa kung'oa. China ikaingia vitani, majeshi yakarudishwa kusini, na maelfu kwa maelfu wakafa. Aprili 1951 Truman alimwondoa MacArthur, na mapigano yaliposimamishwa Julai 1953, mstari ulikuwa karibu palepale ulipoanzia. Mwanafunzi aliyefundishwa "kudhibiti" ataonaje kwamba Oktoba ile sera iligeuka? Kitenzi chake kimemeza yote mawili.

Hata hapa kwetu ua huo ulifika. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wakubwa wa Washington walihofia Zanzibar isije ikawa Cuba ya Afrika. Walichoogopa ni kuvuka: kutoka kisiwani kwenda bara, na kutoka bara kwenda kwingine.

"Kuzuia ukomunisti" nako kuna upungufu, ingawa nakuvumilia. Kunasikika kana kwamba Marekani ilikusudia usiwepo popote, ilhali mwaka 1956 vifaru vya Kisovieti vilipoingia Budapest, mji mkuu wa Hungaria, Rais Eisenhower wa Marekani hakupeleka hata askari mmoja. Hungaria ilikuwa ndani ya ua wa jirani. Kinachokosekana ni "kuenea". Jina kamili ni "sera ya kuzuia kuenea kwa ukomunisti". Ni refu, najua, lakini kila neno lina kazi.

Kwa hiyo katika kusahihisha, anayeandika "kuzuia kuenea" mpe alama zote. Anayeandika "kuzuia" peke yake, mpe vilevile, ila mwongezee "kuenea" pembeni kwa wino mwekundu. "Kudhibiti" ikate, halafu umchoree ua, mbuzi upande mmoja, mahindi upande wa pili.