Saadani ufukweni, saa nane mchana, mwezi mpevu? Badilisha saa kabla hujalipa

Usilipe. Na kama umeshalipa, wapigie simu waliokuuzia safari sasa hivi wabadilishe saa, ndipo urudi kusoma haya mengine.

Mleta uzi umeandika kwamba unatoka hapa Moshi na mke, watoto wawili na mama yako mzazi, mnakwenda hifadhi ya Saadani, na Jumamosi mna matembezi ya kuongozwa kandokando ya bahari kutazama wanyama, "saa nane mchana mpaka machweo, na bahati nzuri mwezi utakuwa mpevu". Halafu ukauliza bei, viatu, chakula cha watoto, njia ya kupita, na kama ni kweli simba hushuka kuoga baharini. Niliposoma hiyo "bahati nzuri" niliacha chai ikapoa. Hiyo bahati naifahamu. Ilinila milioni mbili na laki tatu, pamoja na heshima yote niliyokuwa nayo kwa mama mkwe.

Kwanza hilo la machweo, maana ndilo lingenishtua mapema kama ningekuwa na akili. Saadani inatazama mashariki. Jua linatoka baharini asubuhi, jioni linazama mgongoni kwako, huko upande wa Chalinze, nyuma ya miti. Picha ile ya tembo amesimama majini na jua linazama baharini nyuma yake, sijui wameipiga nchi gani. Mimi niliiona ukutani kwenye ofisi moja hapa mjini, nikatoa pesa. Mtu mzima, nina diploma, na mashariki naijua.

Sasa maji, ndiyo hasa nimekuja kuandika.

Sisi watu wa mlimani tuna ugonjwa wa kudhani bahari ni kama bwawa la Nyumba ya Mungu: ipo pale pale, unaikuta, unatembea pembeni yake. Haipo pale pale. Inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, kujaa kunachukua muda wa saa sita na dakika chache, kupwa vivyo hivyo, na kila siku nyakati zinachelewa kama dakika hamsini kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapanda sana na kushuka sana. Watu wa pwani wanaita bamvua. Pwani yetu hii, bamvua kubwa tofauti ya juu na chini inakaribia mita nne. Simama ndani kwako utazame dari, halafu ongeza. Mwezi ukiwa nusu, maji yanapanda kidogo na kushuka kidogo, wanaita maji mafu.

Na hapa ndipo panapouma: bamvua haibahatishi. Siku za bamvua huku kwetu maji hutoka mpaka mwisho mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa pomoni mnamo saa kumi jioni. Kwa hiyo mtu anayekuuzia matembezi ya ufukweni saa nane mchana siku ya mwezi mpevu, anakuuzia ufuko ambao saa kumi hautakuwepo.

Mimi niliuziwa. Septemba, tena bamvua za Machi na Septemba ndizo baba lao. Asubuhi ya siku ile tuko kwenye nyumba ya wageni tunakula chapati na maharage, bahari ilikuwa imekimbia hata huioni vizuri, mchanga na tope tupu, watu wameinama huko mbali wanaokota kaa. Nikamuuliza kiongozi wetu, kijana aliyekuja nasi kutoka huku huku bara, mbona tusitoke sasa hivi? Akaniambia, "Bro, hizo ni saa za wavuvi. Watalii wanatoka mchana." Nikaona amesema neno. Nikaongeza chapati.

Saa saba na nusu tukashuka. Mimi, Mama Neema, Neema mwenyewe alikuwa na miaka sita, na mama mkwe, ambaye alikuwa hajawahi kuona bahari na ndiye aliyetufanya twende. Askari wa hifadhi hatukuwa naye. Wakala alisema askari ni gharama ya bure, tutatembea nje ya mpaka, wanyama ni wale wale. Kwa kweli hatukukosa: ngiri wawili, nyani kundi zima, na alama za kasa aliyepanda usiku kutaga, mistari miwili mipana kama trekta limepita. Tukafika kwenye hori, mkono wa bahari unaoingia kwenye mikoko. Maji yalikuwa magotini, tena ya uvuguvugu, Neema akavuka anacheka. Kiongozi akasema ng'ambo kuna heroe. Tukavuka.

Heroe walikuwepo, sikatai. Kama ishirini hivi, mbali.

Kitu ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba maji hayajai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yananyemelea, ya pili yanachangamka, ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia. Ukihesabu tangu saa nne na nusu asubuhi, utaona sisi tulivuka hori katikati ya mbio zenyewe. Tuliporudi saa tisa, pale penye magoti palikuwa kifuani kwangu, na mimi si mfupi.

Hapa ningekaa chini, nisubiri, hadithi yangu ingekuwa ya kuchekesha tu. Lakini nilikuwa na kamera. Si yangu. Ya jirani yangu anayepiga picha za harusi, pamoja na lenzi ndefu kama chupa ya maji ya lita moja na nusu, aliniazima kwa sababu ya ujirani na kwa sababu nilimwahidi picha ya tembo majini. Nikasema moyoni, nitavuka kwanza na begi kichwani, nitafute mtumbwi ng'ambo, nije niwachukue. Baba wa familia. Miguuni nina buti za kupandia mlima, za mtumba wa soko la Memorial, nzuri sana, kisigino kigumu. Sisi tunaocheka wageni wanaotaka kupanda Kilimanjaro na kandambili, siku hiyo bahari ilinicheka na buti. Hatua ya nane zikanasa kwenye tope, nikavuta mguu, mguu ukatoka bila buti, mimi nikaenda chini na begi likaenda chini pamoja nami. Nikalishika. Nikaibuka nalo. Kila mfuko wa begi ulikuwa unamwaga maji kama mtungi unapomimina mbege.

Kamera na maji ya chumvi hazisameheani. Fundi wa kwanza alifungua akafunga. Wa pili, Arusha, hata hakufungua, alinusa tu. Nililipa milioni mbili na laki tatu kwa miezi saba, na kila mwisho wa mwezi jirani alikuwa ananisalimia vizuri sana kuliko kawaida.

Basi tukakaa. Saa tisa mpaka saa moja usiku, kwenye ulimi wa mchanga ambao kila ukitazama umepungua, nyuma yetu mikoko inanguruma mbu. Hakuna anayejua kuogelea. Maji yetu ni ya mfereji. Na hili ndilo linaloniuma nikilala: nimekulia kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, babu yangu alikuwa anaamka saa tisa usiku kwenda kufungulia maji kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, kwa sababu ndiyo zamu yetu, na ole wako uchelewe, jirani ameshayageuza. Nimelelewa nikijua maji yana zamu. Kumbe nilidhani bahari haina.

Mama mkwe hakusema neno. Alijifunga kitenge vizuri, akakaa, akatazama. Mnaowajua mama zetu mnaelewa, angefoka ningepona. Neema ndiye aliyeuliza, "Baba, bahari inatufuata?" Kiongozi wetu alikuwa anatafuta mtandao.

Saa kumi na moja akapita mzee mmoja mvuvi ng'ambo ya hori, amebeba nyavu. Tukapiga kelele. Akasimama, akatutazama, akauliza kwa sauti, "Jana usiku mwezi hamkuuona?" Tukajibu tuliuona, ulikuwa mzuri. Akatikisa kichwa. Akatuambia tukae hapo hapo, tusisogee kwenye mikoko, maji yameshasimama, yataanza kutoka sasa hivi, na yeye atarudi na tochi. Alirudi kweli. Na kabla hajarudi, jua likiwa linazama huko nyuma yetu kwenye miti, mwezi ukatoka baharini mkubwa, mwekundu kama sinia la shaba, njia ya mwanga mpaka miguuni petu. Picha yenyewe niliyoahidiwa. Na kamera ninayo, inadondosha maji.

Yule wakala nilimfuata Jumatatu. Ofisi ghorofa ya pili, shati la mifuko minne, kalenda ya twiga. Unajua alijibu nini? "Kaka, bahari ni kazi ya Mungu." Kazi ya Mungu ina ratiba iliyochapishwa! Kuna majedwali ya maji yanatolewa mwaka mzima kabla, kila bandari inayo, kwenye simu unayapata bure, dakika mbili. Kutojua si dhambi, hata mimi sikujua. Dhambi ni kuchukua pesa ya mtu kwa kitu ambacho hujawahi kukitembea. Nilimuuliza kama amewahi kufika Saadani. Akasema ana ndugu Bagamoyo. Wale flaikacha wa Arusha wanaokukimbiza barabarani na vipeperushi angalau unawaona wanakuja. Huyu alikuwa na kiti cha kuzunguka.

Kwa hiyo sikiliza, hata kama utasahau yote: toka na maji yanayokupwa, usitoke na maji yanayojaa. Basi. Usipange kwa siku ya likizo wala kwa mshahara umeingia, wala kwa saa ambayo jua halichomi. Siku ya bamvua ingia ufukweni saa moja asubuhi, fuata maji yakitoka, saa nne uwe umeshageuza. Ukienda siku ya maji mafu, mambo yanageuka, maji yanakuwa chini alasiri, hapo hiyo saa nane yako inakuwa na maana. Huna jedwali? Muulize Mwislamu yeyote mtaani kwako leo mwezi una siku ngapi. Siku ya kwanza na ya pili, na kuanzia ya kumi na nne mpaka ya kumi na sita, hiyo ni bamvua. Ya saba, ya nane, ya ishirini na moja, ya ishirini na mbili, hesabu maji mafu, au siku moja mbili baadaye. Sisi huku tunajua mlima unafunuka alfajiri na kufikia saa nne umeshajifunika wingu, na hakuna anayegombana nao. Bahari nayo ni hivyo hivyo.

Na kiongozi awe mtu wa pale. Mjaribu kwa swali moja: "Jumamosi maji yanajaa saa ngapi?" Mtu wa pale anajibu kabla hujamaliza, kama wewe unavyojua basi la Dar linaondoka saa ngapi. Akianza "inategemea", kata simu.

Nilirudi mwaka uliofuata, ndiyo, mimi ni mbishi. Safari hii ndani ya hifadhi, na askari mwenye bunduki, nimelipa kwa control namba, na mama mkwe amekuja (hilo peke yake ni habari). Tulitoka jua likichomoza, maji yanatoka, mchanga mgumu kama lami. Kuro watatu walikuwa wamesimama ufukweni kabisa, wamelowa miguu. Askari alisimama akatuonyesha nyayo za tembo za usiku ule, zimeingia mpaka mstari wa maji, zikarudi. Akasema kumwona tembo mwenyewe hapo ni bahati ya mtu. Hii ndiyo hifadhi ya taifa pekee nchini inayogusa Bahari ya Hindi, imepandishwa hadhi 2005, na kwa nyayo zile tu niliona inatosha. Mama mkwe aliokota kombe moja, liko kabatini kwake mpaka leo.

Mengine uliyouliza. Simba wapo hifadhini, baharini sijamwona hata mmoja. Njia: mimi mara ya kwanza nilipita Segera, Tanga, Pangani, tukavuka na pantoni kwenda Bweni, mara ya pili nikashuka Segera mpaka Mandera na kukata kushoto. Wakati ule zote zilikuwa na vumbi, na mvua za Aprili na Mei usithubutu, udongo ule mweusi unameza gari. Viatu, nadhani umeshaelewa, vile vyepesi vya kamba ambavyo vikilowa havikushiki. Bei sikumbuki, na ningekumbuka ningekuwa nakudanganya maana zimebadilika. Chakula cha watoto kulikuwa na swali, eh? Beba ndizi.

Sasa nijibu: umeshalipa au bado? Na huyo wakala wako, ana kiti cha kuzunguka?